Jibu la Familia

KIILU: Haloo, duka la Kiilu, Kitui. Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

WAVINYA: Ungeijua hungeshika.

KIILU: Wavinya?

WAVINYA: Ndiye huyo. Nakusalimu kwanza: uvoo waku, kaka yangu.

KIILU: Museo. Nilikuwa karibu kukupigia, hata nilikuwa nimeshika—

WAVINYA: Tangu jana?

KIILU: Simu ilikuwa kwa chaji.

WAVINYA: Mara saba nimepiga, mara saba inalia mpaka inachoka yenyewe. Wacha hiyo. Nimeomba simu ya Musyimi, askari wa geti hapa kliniki. Kredo ni yake, kwa hivyo nisikize haraka.

KIILU: Kliniki gani? Mama anaumwa? Mwaitu ana nini?

WAVINYA: Kliniki gani tena. Si hii ya Wote, ya utafiti wa dawa ya kukumbuka. Leo ni mwezi wa sita wa dawa, siku ya mtihani. Wewe ndiye ulimleta hapa, ukasaini kila karatasi, ukawaambia, mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye nitajibu maswali ya familia.

KIILU: Sijasahau.

WAVINYA: Vizuri. Wewe hujasahau, na mama pia hajasahau. Hapo ndipo shida imeanzia.

KIILU: Sikusikii vizuri. Laini inakwaruza.

WAVINYA: Unanisikia. Nesi Katunge ametoka nje sasa hivi akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema mama anarudi nyuma, leo wanamwondoa kwa dawa. Daktari akifika saa sita anaweka sahihi, basi, kwaheri ya kuonana.

KIILU: Wanamwondoa.

WAVINYA: Leo.

KIILU: Sasa, Wavinya, kama wataalamu wenyewe wameona hivyo, sisi ni nani—

WAVINYA: Mtu wa kurudi nyuma, Kiilu? Leo asubuhi tumefika kwa stegi Mukuyuni, akaniuliza, kitambulisho changu umebeba? Sikuwa nimebeba. Akaniambia kiko chini ya godoro, upande wa ukuta, ndani ya bahasha ya kanisa. Nilirudi mbio. Kilikuwa hapo hapo. Mwaka jana huyu mama alikuwa anaweka chumvi kwa chai na ananiita kwa jina la dada yake.

KIILU: Ngoja kidogo. Mzee, misumari ya inchi tatu iko kwa hiyo debe ya bluu. Kilo mbili? Jipimie tu. Haya, endelea.

WAVINYA: Maneno matano wanamwambia akumbuke, anakumbuka yote. Picha za wanyama, anataja. Tarehe, anajua. Anaangukia pahali pamoja tu. Unajua ni wapi.

KIILU: Nitajuaje na mimi niko Kitui?

WAVINYA: Pale wanapomuuliza mambo ya nyumbani, halafu wanalinganisha na yale nesi ameambiwa na wewe kwa simu. Nesi amenisomea. Nilikuwa nimemsumbua mpaka akachoka. Swali: kijana wako wa mwisho, Mwau, yuko wapi? Jibu la familia: yuko Mombasa, anafanya kazi bandarini. Jibu la mama—

KIILU: Usisome.

WAVINYA: Jibu la mama: Mwau amelala nyumbani, karibu na katani, mimi ndiye nilichagua shati. Hapo wameweka mkasi wa kukosa. Mkasi mwekundu, kama mwanafunzi wa darasa la pili.

KIILU: Wavinya, hiyo maneno tulikubaliana. Sote. Wewe ulikuwa, mjomba Kyule alikuwa, pasta alikuwa.

WAVINYA: Tulikubaliana.

KIILU: Alikuwa anauliza Mwau yuko wapi, tunamwambia alikufa, anaanguka chini analia kama ni leo amesikia. Kesho yake anauliza tena. Mtu atafiwa na mtoto mmoja mara ngapi? Wewe ndiye ulisema huwezi tena. Tukasema basi, ni Mombasa.

WAVINYA: Sijakataa. Huo uongo hata mimi niliupika. Lakini mimi niliupikia mama, nyumbani, kwa sababu alikuwa anaumia. Sikuupeleka kwa daktari.

KIILU: Nesi aliniuliza ghafla. Nilikuwa na wateja. Akasema nipe kitu kimoja ambacho mama anaulizwa kila siku na jibu lake. Mdomo ukatoa ile tumezoea.

WAVINYA: Hiyo ilikuwa mwezi wa pili.

KIILU: Ndio.

WAVINYA: Mwezi wa nne alikupigia tena.

KIILU: (laini inakwaruza)

WAVINYA: Kiilu.

KIILU: Alinipigia.

WAVINYA: Akakwambia mama amejibu vingine. Akakuuliza una uhakika.

KIILU: Alikuwa na haraka.

WAVINYA: Na wiki iliyopita? Mdomo ulizoea tena?

KIILU: Unanihoji kama karani wa korti. Unataka niseme nini?

WAVINYA: Nataka ujue umefanya nini, halafu utaamua mwenyewe. Wameandika ati dawa inamharibu akili. Ati anaombolezea mtu aliye hai. Huyo msichana Katunge ana roho nzuri, amemshika mkono akamwambia, hapana, susu, nyanya yangu, Mwau wako yuko Mombasa, umesahau tu. Mara tatu amemwambia hivyo. Na mama anaamini watu wa kliniki. Unajua vile anaheshimu mtu wa koti nyeupe.

KIILU: Kwa hivyo sasa anaamini yuko Mombasa. Si ni afadhali?

WAVINYA: Ningetaka uone hiyo afadhali yako. Asubuhi akimeza kidonge anajua Mwau alikufa. Jioni anakumbuka nesi amesema yuko hai. Ameosha ile shati ya mistari akaianika. Anaweka sahani. Halafu usiku ananiuliza, Wavinya, kama Mwau yuko Mombasa, sisi tulizika nani?

KIILU: Yesu.

WAVINYA: Jana, ndiyo sababu nilikuwa nakupigia. Nimetoka sokoni nikamkosa nyumbani. Nimemkuta kaburini na jembe.

KIILU: Na jembe?

WAVINYA: Shimo lilikuwa limemfika magotini. Sabini na moja, na jua lile la saa nane. Nikamuuliza, mama unafanya nini? Akanijibu na utulivu kabisa, nataka nione ni mtoto wa nani, mama yake anamtafuta. Uko?

KIILU: Niko.

WAVINYA: Nilimpokonya jembe nikalia. Yeye hakulia. Aliniambia, wewe usilie, kama ni Mwau nitamjua kwa meno.

KIILU: Wacha, Wavinya. Tafadhali wacha.

WAVINYA: Nimewacha. Sasa nisikize. Mimi nimemwambia nesi Mwau alikufa, nikamtajia hata mwaka. Ameniangalia kama mimi pia naumwa. Akasema kwa fomu mtoa habari ni Kiilu, ni Kiilu tu anaweza kubadilisha. Mpigie. Sentensi moja tu. Dawa itaendelea, na huyu mama ataacha kuchimba.

KIILU: Naelewa.

WAVINYA: Utampigia?

KIILU: Mzee, chenji yako hii hapa. Ndio, asante, karibu tena. Wavinya, anakumbuka mpaka wapi?

WAVINYA: Nini?

KIILU: Hiyo dawa. Imemrudisha mpaka wapi?

WAVINYA: Ahaa. Nilikuwa nangoja hilo swali.

KIILU: Nauliza tu.

WAVINYA: Anakumbuka asubuhi yenyewe. Ati alikuwa amemkorogea Mwau uji wa mtama, akashika kikombe na mikono yote miwili kwa sababu kulikuwa na baridi. Ukaingia na lori. Akakwambia mvua imenyesha huko juu milimani, amesikia radi usiku, mto leo hapana.

KIILU: Na mimi nikasema nini?

WAVINYA: Unajua ulisema nini.

KIILU: Yeye anasema nilisema nini?

WAVINYA: Anasema ulicheka. Ukamwambia, mama, mchanga haujui kuogopa, ni nyinyi wazee mnaogopa. Ukamshika Mwau bega mkatoka. Uji ukabaki.

KIILU: Hiyo ya kucheka nilikuwa nimeisahau.

WAVINYA: Basi yeye anayo.

KIILU: Ukuta wa mchanga pale mtoni ulikuwa na ufa, Wavinya. Hii sijawahi kukwambia.

WAVINYA: Najua.

KIILU: Kutoka juu ulikuwa unaonekana. Mwembamba, kama mstari wa penseli. Lori ilikuwa imebaki kidogo ijae.

WAVINYA: Kiilu, nilijua siku ile ile. Ulikuja nyumbani ukawa unaangalia kuta tu. Hakuna mtu ulimwangalia.

KIILU: Mimi huuza simiti, huuza mabati, huuza misumari. Watu huniuliza, duka la ujenzi lisilo na mchanga ni duka gani. Nawaambia hatuna pahali pa kuweka. Nyuma hapa kuna kiwanja kizima. Nikuambie ukweli. Mwaitu alipoanza kusahau, nilishukuru Mungu. Anisamehe. Unakumbuka alichofanya kaburini.

WAVINYA: Nilikuwa nimesimama karibu naye.

KIILU: Watu wote wanaimba, pasta ametoa kofia, na yeye anashika titi lake mbele ya kila mtu, ananiangalia mimi. Na sisi ni watu wa kanisa. Pasta alikuja kuniombea baadaye, akasema kiumo, yaani laana ya mama, hakina nguvu kwa mtu aliyeokoka. Akanywa chai akaenda. Mimi nikabaki nacho. Miaka miwili sikukanyaga hapo. Nilihama Makueni nzima, nikavuka mto nikaja huku.

WAVINYA: Sisi tulibaki.

KIILU: Halafu akasahau kaburi, akasahau na yale ya kaburini. Nikaja, nikiogopa. Akanipokea kwa mlango, akaniita baba, kwa sababu nimebeba jina la babu. Akanitemea mate kwa viganja, akanibariki mimi na watoto wangu, mmoja mmoja. Mwanaume wa miaka arobaini na sita, nilienda kulilia kwa choo.

WAVINYA: Nilikusikia. Nilifikiri ni tumbo.

KIILU: Usinichekeshe.

WAVINYA: Sikuchekeshi. Hiyo baraka, Kiilu, alikuwa anampa mtu mwingine. Mtu ambaye hajafanya kitu. Wewe ulipita tu hapo ukaiokota.

KIILU: Lakini niliishika. Hiyo huwezi kunipokonya. Mpaka nikampeleka kwa hiyo dawa mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemwona anapotea, na ni mama yangu, nilitaka arudi. Sikufikiria ni nani atarudi naye.

WAVINYA: Na ulipofikiria?

KIILU: Nesi alipopiga mara ya pili. Akasema, mama anadai huyo kijana alikufa. Nikaona yule mama wa kaburini ndiye amefika mlangoni. Nikasema, Mombasa. Sema kitu.

WAVINYA: Njia ya mwongo ni fupi, umefika mwisho wake na ni kwa kaburi la ndugu yako, na mama yako ameshika jembe. Mimi nimechoka. Nimekuwa naficha jembe nyumbani kama watu wanavyoficha pombe.

KIILU: Daktari amefika?

WAVINYA: Bado. Saa tano na robo. Ngoja... ndio, mama, nakuja. Ni simu tu. (laini inakwaruza) Ametoka. Ameuliza naongea na nani.

KIILU: Usimwambie.

WAVINYA: Nimeshachoka kudanganya, kaka. Mama, ni Kiilu. Ndio. Wa Kitui.

KIILU: Wavinya, hapana—

WAVINYA: Amenyoosha mkono. Masikio yake unayajua, naweka kwa sauti kubwa. Na ujue nesi Katunge amekaa naye kwa benchi, na faili. Shika hapa, mama. Ongea hapa.

MAMA: Nani huyo?

KIILU: Ni mimi, Mwaitu.

MAMA: Mimi nani?

KIILU: Kiilu.

MAMA: Kiilu. Watoto hawajambo?

KIILU: Hawajambo. Umekula, Mwaitu?

MAMA: Hapa hutupa chai na mkate. Mkate wao ni mzuri lakini chai ni maji tu. Wewe ni mtu mkubwa, umesoma kuliko mimi. Kuna kitu kinanisumbua.

KIILU: Kitu gani?

MAMA: Mwau yuko wapi?

KIILU: (laini inakwaruza)

MAMA: Imekatika?

KIILU: Haijakatika. Niko hapa.

MAMA: Mimi moyo unaniambia vingine na hawa wananiambia vingine. Mtu akifika umri wangu, moyo wake si wa kuaminika sana. Wavinya analia tu, hanisaidii. Wewe nitakuamini. Ukisema Mombasa, basi ni Mombasa. Nitaenda nyumbani nimchagulie kuku.

KIILU: Mwaitu...

MAMA: Sema tu. Sitakuwa na kisirani. Nimechoka kuwa watu wawili.

KIILU: Ulijibu sawa.

MAMA: Ongea kwa nguvu, hapa kuna magari.

KIILU: Ulijibu sawa, Mwaitu. Mara zote tatu. Hawa wa kliniki niliwadanganya mimi, hawana makosa. Mwau alikufa.

MAMA: Alikufa.

KIILU: Alikufa kwa mto, akichimba mchanga. Nilikuwa juu ya ukingo. Niliona ufa, nikamwambia ajaze karai chache tu tumalize. Ulikuwa umetukataza. Nikacheka. Yule tulizika ni yeye. Usichimbe tena. Nilimtoa na mikono yangu mwenyewe, ni yeye.

MAMA: Na shati?

KIILU: Ile ya bluu, ya kwenda harusi. Ulichagua wewe. Ile ya mistari ilibaki nyumbani.

MAMA: Bluu. Ndio. Kifungo cha juu kilikuwa kimetoka, nikashona pale pale amelala. Kwa hivyo sina wazimu.

KIILU: Huna, Mwaitu. Hujawahi kuwa nao.

MAMA: Huyu msichana ameanza kuandika. Anafuta kitu. Machozi yake yanaangukia karatasi, atachapwa na daktari wake.

KIILU: Wacha aandike.

MAMA: Kiilu.

KIILU: Mwaitu.

MAMA: Pale kaburini nilikwambia maneno.

KIILU: Ulisema.

MAMA: Nakumbuka nilishika titi. Nakumbuka jua lilikuwa linanichoma kisogo. Maneno yenyewe hayaji. Nimekaa nayo wiki mbili, nayatafuta, nafika karibu yanaenda. Na niliyasema kwa nguvu, hiyo najua, koo liliniuma siku tatu. Wewe unayo?

KIILU: Ninayo.

MAMA: Yote?

KIILU: Yote. Hakuna siku yamenitoka.

WAVINYA: Mama, kredo ya Musyimi inalia. Imebaki kidogo tu.

MAMA: Ngoja. Basi kuja uyaseme.

KIILU: Niyaseme? Kwako?

MAMA: Mbele yangu, pale pale. Neno kwa neno vile niliyaweka. Kitu kama hicho hutolewa na aliyekiweka, na mimi siwezi kutoa kitu sijui nimekiweka wapi.

KIILU: Utayatoa, Mwaitu?

MAMA: Sijasema nitayatoa. Nimesema nataka kuyasikia. Nikishayasikia nitajua yanafaa kutolewa ama yanafaa kubaki.

KIILU: Naogopa.

MAMA: Hiyo ni haki yako. Lakini ogopa ukiwa njiani, kwa sababu mimi sijui nitakuwa na akili hii mpaka lini, na nikienda nikiwa nimesahau, utabaki na maneno hayo wewe na watoto wa—

KIILU: Mwaitu? Haloo? Mwaitu, nafunga duka sasa hivi. Unanisikia? Haloo?